Hii haina jina, hii ina tangazo: khanga za kampeni na safari ya neno "kazi"



Mama mdogo wangu anaishi Muscat tangu miaka ya sabini, na kabati lake la khanga ni maktaba kamili. Mwishoni mwa 2015 jamaa yetu mmoja alitoka Dar es Salaam na furushi la zawadi, ndani yake mna doti ya khanga ya kampeni, kijani na njano, picha ya mgombea katikati ya mji na maneno chini yake. Mama mdogo akaikunjua, akaisoma, akaikunja tena. "Hii haina jina," akasema, "hii ina tangazo." Khanga ile ikaenda kufunikia cherehani, na mpaka leo iko pale pale.

Kauli hiyo imenikaa kichwani miaka kumi. Sisi wasomi wa Kiswahili tulioko nje tuna kawaida ya kuchambua riwaya na tenzi mpaka mfupani, lakini neno lililochapwa kwenye kofia, fulana na khanga, likaimbwa viwanjani na kubandikwa kwenye nguzo za umeme toka Bukoba mpaka Mtwara, hilo tunawaachia watu wa sayansi ya siasa, ati ni propaganda tu. Nao wenzetu wa siasa hawana habari na sarufi. Basi maneno yaliyotutawala kuliko shairi lolote yamebaki bila msomaji. Hebu leo tuyasome, tena kwa kanuni za mama mdogo.

Kanuni zenyewe hazihitaji maelezo marefu kwa watu wa hapa. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina ndilo linalonunuliwa. Ua zuri lenye jina baya hukaa dukani. Anayesema ni mvaaji, si aliyeichapa. Anayeambiwa anajijua, ingawa hakutajwa. Akija juu, mvaaji ana pa kutokea: kwani nimekutaja wewe? "Mdhaniaye ndiye siye," na anayejiona humo ni shauri lake. Rose Marie Beck, ambaye ameandika sana juu ya khanga kama chombo cha mawasiliano, amelitilia mkazo jambo hili la utata: khanga inasema kwa namna ambayo msemaji ni vigumu kumshika kwa neno lake. Kwa hiyo msomaji wa khanga hujiuliza mambo matatu, hata kama hajui kwamba anajiuliza. Nani anasema? Anamwambia nani? Na kitu gani kimeachwa makusudi?

Khanga ya kampeni inavuruga swali la kwanza. Msemaji ni chama, na mwili wa mwanamke umefanywa ubao wa kubandikia. Ndiyo maana ya tangazo. Lakini hapo naachana kidogo na mama mdogo, maana naona hata tangazo lina jina lake, ila limejificha kwenye viambishi na kwenye maneno madogo kama "na" na "tu". Ukiyafuata hayo kutoka uchaguzi hadi uchaguzi, utaona kitu ambacho hotuba hazikukuambia.

Kwanza lakini nguo yenyewe, na jinsi inavyomfikia mvaaji. Marekani, tangu beji za bei rahisi za seluloidi zilipoenea katika uchaguzi wa McKinley na Bryan mwaka 1896, vitu vya kampeni vimekuwa vitu vya kukusanywa, kuuzwa na kurithishwa. Kofia nyekundu za Trump za "Make America Great Again" ziliuzwa, na mtu akinunua kwenye kampeni yenyewe pesa yake huhesabiwa kuwa mchango. Ukimwona kaivaa, unajua anasema nini, na unajua kwamba kalipa ili aseme. Kwetu mambo kinyume. Mvaaji hakulipa kitu, kapewa pamoja na sahani ya pilau, na nguo haishuhudii chochote. Mama yuko shambani, mtoto kambeba mgongoni kwa uso wa mgombea, wala huwezi kujua kura yake ilikwenda wapi. Wenyewe walishalimaliza kwa kubadilisha herufi moja: kula kwao, kura kwetu. Mimi nasema huo ndio utata wa khanga uliorudi kwa mlango wa nyuma. Chama kilidhani kimenunua msemaji, kumbe kimenunua kitambaa, na mvaaji bado ana pa kutokea.

Na zawadi hizo nazo zilitafutiwa jina. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili kile anachotoa mgombea kwa nia njema, kama ukarimu wa kimila, kisihesabiwe rushwa. Watu wakakiita takrima. Tazameni uteuzi wa neno, jamani! Ni shina lile lile la Kiarabu lililotupa karimu, karama na karamu. Rushwa ingekuwa rushwa, lakini takrima ni heshima unayomfanyia mgeni, na ukiikataa wewe ndiye huna adabu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, baada ya kesi iliyofunguliwa na mashirika ya haki za binadamu, ilivitangua vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa hoja ambazo mtoto wa shule angezielewa: asiyekuwa nacho atamkirimu nani, na aliyekirimiwa atachagua kwa uhuru gani? Vifungu vilikufa, neno likabaki hai, watu wanalitumia kwa kucheka. Najua tafsida chache katika Kiswahili zilizobuniwa kwa ustadi namna ile na kuvuliwa nguo hadharani namna ile.

Ili nisionekane nachukia kila khanga yenye sura ya mwanasiasa, nitaje moja ambayo ina jina. Obama aliposhinda mwaka 2008, Tanzania ilitoka khanga yenye picha yake, juu imeandikwa "Hongera Barack Obama" na chini "Upendo na amani ametujalia Mungu." Hakuna aliyeombwa kura, maana kura ilikuwa imekwisha na kwanza haikuwa yetu. Angalieni kitenzi. "Ametujalia" ni lugha ya arusi na ya mtoto aliyezaliwa, lugha ya khanga hasa, na yule "tu" wa katikati ni sisi tunaovaa, tunaompongeza jirani kwa furaha iliyotufikia na sisi. Kumbukumbu ya uchaguzi wa Marekani imevishwa sarufi ya sebuleni kwetu ikaenea bila mshono kupasuka. Mama mdogo anayo, na hiyo haifunikii cherehani.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kazi.

TANU iliingia katika Uhuru wa 1961 na kaulimbiu ya "Uhuru na Kazi". Maneno mawili, na katikati kiunganishi. Msidharau kiunganishi. "Na" hapa ni mkataba: umepata hiki, unadaiwa hiki, na kimoja hakimli mwenzake. Sisemi kwamba mkataba uliheshimiwa. Mwaka 1962 tu ilishapitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini na sheria ya kubana migomo, na mwaka 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, ikawekwa NUTA iliyokuwa chini ya mkono wa TANU. Aliyekuwa kuli bandarini angeweza kukuambia mapema kwamba upande wa kazi ulikuwa mzito kuliko upande wa uhuru. Lakini neno lilikuwapo bado, limeandikwa, na mtu aliweza kulinyooshea kidole: mbona hapa imeandikwa uhuru? Hiyo ndiyo faida ya neno lililoandikwa hata kama aliyeliandika hakulitimiza.

Nawaruka miaka mingi ya chama kimoja, ambapo kura ya rais ilikuwa ya ndiyo au hapana, na wagombea ubunge, tangu 1965, walipewa alama za jembe na nyumba wapiganie humo humo. (Mtu aliyepewa jembe katika nchi ya wakulima alikuwa na mzaha mwingi wa kufanya jukwaani kuliko mwenye nyumba, lakini hayo ya siku nyingine.) Nakumbusha moja tu, kwamba mwaka 1983 neno letu lilipewa rungu: operesheni ya Nguvu Kazi, watu wasio na ajira ya kuonyesha wakizolewa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa mashambani. Kwa wazee wa mjini "kazi" iliyotamkwa na serikali haikuwa tena neno la kawaida.

Mwaka 2005 Kikwete alikuja na "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya". Nimeisikia ikisifiwa kwa mapigo yake, na kweli inaimbika, nomino tatu za ngeli moja zikibeba kivumishi kimoja kama mabinti watatu waliovaa sare. Lakini isome kama khanga uone. Haina kitenzi. Haina mtu. Ari ya nani? Kasi kuelekea wapi? Haimwambii yeyote jambo lolote, na kwa sababu hiyo haikujibika. Ilimpa ushindi wa asilimia 80 na miaka mitano baadaye ikaongezewa "zaidi" badala ya "mpya", ari zaidi, nguvu zaidi, kasi zaidi, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi. Mwenzake, "Maisha bora kwa kila Mtanzania", alikuwa jasiri zaidi kwa sababu alitaja mtu, tena kila mtu. Ndiyo maana huyo alijibiwa mpaka akachoka: yako wapi?

Halafu 2015, ile khanga ya mama mdogo. "Hapa Kazi Tu."

Nikiri kwanza kwamba kiufundi ndiyo kaulimbiu bora kuliko zote zilizotungwa na chama chochote Afrika Mashariki tangu vyama vingi virudi. Wenzake wa UKAWA walikuwa na wito wa kupokezana, "Lowassa!" "Mabadiliko!" na kisha kinyume chake, uliochangamsha viwanja lakini ulikufa mtu alipofika nyumbani, maana huwezi kuusema peke yako. "Hapa kazi tu" ilisemwa na mtu peke yake, akiwa gereji, akiwa jikoni, akiulizwa mambo vipi. Ilitoka kwenye lugha ya vibao vya dukani, nduguye "hapa hatukopeshi". Mgombea alipiga pushapu jukwaani ili mwili nao useme hivyo hivyo. Watu waliichukua wenyewe, wakaiandika kwenye daladala bila kulipwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Niliitumia kwenye barua pepe zangu kwa wanafunzi waliochelewesha kazi zao.

Nilichelewa kuisoma. Tuiweke kando ya ile ya 1961. "Uhuru na Kazi." "Hapa Kazi Tu." Uhuru umetoka. Na nafasi ya "na", kiunganishi kinachoongeza, imekaliwa na "tu", kinachofunga mlango. Kila "tu" ni kauli ya kuondoa. Ukimwambia mtu "kuna wali tu", umemwambia kwamba mchuzi hakuna. Swali la tatu la mama mdogo, kipi kimeachwa, lilikuwa limejibiwa na kaulimbiu yenyewe kwa silabi moja, nasi tukapiga makofi.

Mtasema nalazimisha, kwamba mtunzi wa kaulimbiu hakufikiria TANU. Huenda hakufikiria. Lakini tazameni kalenda. Rais aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015, na tarehe 9 Desemba, sikukuu ya kwanza ya Uhuru chini yake, gwaride na sherehe zilifutwa, wananchi wakaagizwa washike mafagio. Yeye mwenyewe alitoka akazoa taka. Nchi nzima ilimsifu kwa kuokoa fedha, na fedha ziliokolewa kweli. Ila siku ya Uhuru ilikuwa imegeuzwa siku ya Kazi, waziwazi, mchana kweupe. Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Januari 2023. Mwaka 2017 magazeti kadhaa yakafungiwa. Kazi tu.

Jibu la watu halikuchapwa na chama, na ndiyo maana lilikuwa na jina. "Vyuma vimekaza." Nani kasema? Hajulikani. Kamwambia nani? Mwenye kujijua. Vyuma gani? Vya baiskeli, vya mlango, vya mfukoni, sijui. Kitenzi kimekaa vizuri, mtendaji amefichwa nyuma ya vyuma, na hakuna polisi anayeweza kumkamata mtu kwa kulalamikia chuma. Mama mdogo angeinunua ile doti siku hiyo hiyo. Kwa miaka miwili au mitatu uchambuzi mzima wa uchumi wa Tanzania ulikuwa umo ndani ya maneno yale mawili, na niliposikia watu wa mawizarani nao wanayatumia kwa kunong'ona nikajua lugha imeshapata njia yake.

Hapo lazima nivuke mpaka, kwa sababu kaulimbiu iliyofuata Tanzania ilikuwa imeshavaliwa Kenya. "Kazi iendelee" ilikuwa ya Kibaki mwaka 2007, akiomba muhula wa pili. Wakenya walikuwa na mtindo wao tofauti na wetu. Ile iliyomwingiza Kibaki madarakani haikutoka katika kikao cha watunzi. Raila Odinga aliitoa kinywani Uhuru Park tarehe 14 Oktoba 2002, "Kibaki tosha", kisha ndipo ikachapwa. Walimu wa Kiswahili waliguna, maana sanifu inataka "anatosha". Lakini huo ukosefu wa kiambishi ndio uliokuwa nguvu yake. Kitenzi kiko uchi, hakina mtu wala wakati, mtu yeyote anakivaa. Baadaye kikawavaa wengine, "Raila Tosha", na kila mwenye tamaa ya kiti. Jina hasa la khanga: lilimwambia mtu bila kumtaja, kwamba huyu akitosha, wewe mwingine na mteule wako mmezidi.

Kutoka hapo hadi "Kazi iendelee" ni kushuka ngazi. Mtendaji wa sentensi ni kazi yenyewe. Na kile kitenzi cha kuomba, chenye -e mwishoni, kinaomba bila kusema nani anaomba na nani anaombwa. Ni sarufi ya "Kidumu Chama cha Mapinduzi", sarufi ya dua. Ikiwa anayetawala ndiye anayeomba mambo yaendelee, huyo mpiga kura yuko wapi katika sentensi? Hayumo. Tarehe 27 Desemba 2007 alipiga kura, na yaliyofuata tunayajua, zaidi ya watu elfu moja walikufa.

Tanzania ikaichukua mwaka 2021 kwa sababu nyingine kabisa, nami siwezi kuikosoa kwa ukali ule ule. Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, siku mbili tangu kifo cha mtangulizi wake kutangazwa. Wengine walishalia "Hapa kazi tu", naye akajibu "Kazi iendelee". Pale ilikuwa taazia, neno la kumfariji mfiwa kwamba nyumba haitavunjika. Tatizo la taazia ni kwamba ina muda wake. Miaka ikapita, neno likabaki kwenye mabango, na hapo likawa sawa na la Kibaki.

Kabla sijarudi nyumbani, Kenya ya 2022 ilitupa jozi moja ya kufundishia darasani. Azimio walichukua "Inawezekana". Neno hilo lilikuwa la Nyerere, nalo lilikuwa nusu: "Inawezekana, timiza wajibu wako." Nusu ya pili, ile yenye mtu ndani yake, ile inayodai, imekatwa, ikabaki ahadi isiyo na mwenyewe. Wapinzani wao wa UDA, wenye wilbaro, walisema "Kazi ni kazi". Kijuujuu haina maana. Lakini isome kwa jicho la khanga: huyo anayesema ni msukuma mkokoteni, na anamwambia anayemdharau. Ina msemaji, ina msemwa, ina kejeli. Ilistahili kushinda kama maneno, na ilishinda. Kwamba Juni 2024 vijana wa wilbaro hizo walijaa barabarani kupinga kodi za aliyezigawa, hilo ni deni la aliyesema, maana neno lenye mtu ndani hudaiwa.

Sasa Tanzania, Oktoba 2025. Kulikuwa na mbili za chama tawala na moja ya wapinzani, na nitaanza na wapinzani kwa sababu nao hawaponi. Chadema walivaa "No Reforms, No Election". Kwa Kiingereza! Nchi ambayo imejisifu kwa miaka sitini kuendesha siasa yake kwa Kiswahili, na chama kinachodai kusema kwa niaba ya mkulima wa Tarime kinachapa fulana ambayo mkulima huyo hawezi kuisoma. Najua utetezi: ni fupi, ina mwangwi wa mabango ya dunia nzima, inawafikia mabalozi. Sawa. Lakini "Bila mageuzi hakuna uchaguzi" ingekuwa na kosa gani? Kaulimbiu ni ushahidi wa nani unamwona ukifumba macho, na hawa walimwona balozi. Haya, nimesema. Pamoja na hayo ilikuwa na uzito kuliko nyingine zote, kwa sababu ilikuwa na sharti ndani yake, na kiongozi wao, Tundu Lissu, alikamatwa Aprili 2025 akiwa katika kampeni ya neno hilo hilo, akashtakiwa kwa uhaini. Siku chache baadaye chama kilienguliwa katika uchaguzi, kwa sababu kilikataa kutia saini kanuni za maadili.

Upande wa pili, "Oktoba tunatiki". Ilinishangaza, maana baada ya miaka yote ya ari na kasi na kazi zisizo na watu, ghafla kimetokea kiambishi cha watu: tu-, sisi. Nilisogea karibu kuona ni sisi gani. Karatasi ya kura ya Tanzania imezoea kuitwa itiwe alama ya vema, na "vema" ni neno la kupendeza sana kwa kazi hiyo, kwamba unapochagua unatamka wema. Limetupwa, tukapewa "tiki". Kisha wakati: -na-. Haikuwa "tutatiki", wala "tutiki", ambayo ingekuwa mwito. "Tunatiki" inaarifu, jambo limeshapangwa kama safari ya basi. Na haina shamirisho. Tunamtiki nani? Haikuhitajika kusema, maana wapinzani wakubwa hawakuwamo kwenye karatasi. Sarufi ilikuwa kweli tupu.

Ya rasmi ndiyo ilikuwa "Kazi na Utu, Tunasonga Mbele". Mnaona? "Na" amerudi. Baada ya miaka kumi ya "tu", mtu fulani katika chama kile, na nadhani ni mtu anayejua Kiswahili, alisikia kwamba palikuwa na pengo kando ya neno kazi na akalijaza. Hakurudisha kilichokuwapo, uhuru. Alileta utu. Na utu, ndugu zangu, ni neno kubwa, pengine kubwa kuliko uhuru. Huwezi kulitafsiri hapa Ulaya bila kuandika ukurasa mzima. Lakini kuna tofauti moja ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiona. Uhuru mtu anaudai. Utu anatendewa. Uhuru ukinyimwa una mahali pa kushitaki; utu ukinyimwa unabaki kumlilia mwenye nguvu kwamba akukumbuke kuwa na wewe ni mtu. Mwenye kaulimbiu alikuwa anajitolea sifa, hakuwa anasaini mkataba.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, vijana waliingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko. Namanga mpakani walipigwa picha wakirarua bango lenye sura ya Rais. Intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje, watu wakauawa kwa risasi, na serikali na wapinzani hawakukubaliana ni wangapi. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 97.66. Kiapo kikaapwa Dodoma katika uwanja wa jeshi, bila umma.

Kwa siku zile tulizokuwa tunapiga simu nyumbani hazipokelewi, nilimpigia mama mdogo Muscat, kwa kuwa yeye simu yake ilikuwa inaita. Tulizungumza habari za watoto wa dada yake ambao hatukuwa tumewapata. Kisha akaniuliza, wewe msomi, hivi mwaka huu khanga yao iliandikwaje? Nikamwambia. Alikaa kimya, nikadhani laini imekatika, halafu akauliza: "Utu? Wameandika utu?" Akanitaka nirudie. Watoto wale tuliwapata siku ya sita, wazima, alhamdulillahi.

Naomba jambo moja kwa wenye makabati ya zamani. Nimesoma "Uhuru na Kazi" vitabuni, lakini wazee wawili tofauti, mmoja wa Tanga na mmoja wa Tabora, waliwahi kunitamkia "Uhuru ni kazi". Kati ya "na" na "ni" hoja yangu yote juu ya mkataba wa 1961 inasimama au inaanguka. Mwenye khanga, kofia, beji au bango la miaka ile, tafadhali aitazame herufi hiyo moja na aniandikie, hata kama itanikosoa.

Wasalaam.